Harufu ya petroli katika gari kuukuu: jinsi ya kusaka inakotoka

HARUFU ya petroli ndani ya gari lililokwisha kutembea miaka ishirini na zaidi ni jambo ambalo madereva wengi wa jijini Dar es Salaam wamelizoea, kiasi kwamba wakiisikia hufungua kioo cha dirisha na kuendelea na safari.

Asubuhi gari linapotolewa nyumbani harufu huwa kali. Foleni ikianza kusogea upepo huingia, harufu hupungua, na kufikia saa nne mwenye gari huwa amekwisha kuisahau hadi atakapolifungua tena jioni.

Mazoea hayo ndiyo hatari yenyewe. Pua ya binadamu huchoka upesi kwa harufu isiyobadilika, na mtu aliyekaa dakika chache tu ndani ya mvuke wa petroli huweza kuapa kwamba hasikii kitu, wakati abiria anayepanda kituo kinachofuata anauliza mara moja kama kuna dumu la mafuta nyuma ya kiti.

Wapo wanaosubiri mpaka waone mafuta yakidondoka chini ndipo waende gereji. Lakini petroli haihitaji kudondoka ili iwe hatari. Hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika joto la Kariakoo au Ubungo saa nane mchana. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupandi juu na kupotea kama moshi. Hutambaa chini, hukaa kwenye mashimo na pembe za uvungu wa gari, na hungoja cheche.

Uwiano unaotakiwa ili mvuke huo ulipuke nao ni mdogo. Inatosha hewa ichanganyike na mvuke wa petroli wa takriban asilimia moja na nusu tu. Cheche inaweza kutoka kwenye stata, kwenye waya wa plagi uliochubuka au kwenye alteneta. Tanzania haihitaji kukumbushwa sana kuhusu jambo hilo. Agosti 10, 2019, katika eneo la Msamvu mjini Morogoro, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kupinduka na mafuta yaliyomwagika kushika moto huku watu wakiyachota. Kiasi cha mafuta kilichokuwa pale hakilinganishwi na matone ya gari dogo, lakini tabia ya mvuke ni ile ile.

Swali kwa mwenye gari kuukuu basi si kama avumilie au asivumilie, bali ni wapi mafuta yanatoka. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Katika gereji za mitaani ni jambo la kawaida kwa gari lenye harufu ya petroli kubadilishiwa filta, kisha pampu, kisha tangi zima, na harufu ikabaki pale pale kwa sababu hakuna aliyetafuta mahali panapovuja kabla ya kushika spana.

Uchunguzi mzuri huanza kwa maswali ambayo mwenye gari anaweza kuyajibu mwenyewe bila kuchafua mikono. La kwanza na lenye manufaa kuliko yote ni: gari hunuka wakati gani?

Likinuka siku ya kujaza tangi tu, kisha harufu ikatoweka mafuta yanapofika nusu, tatizo liko juu ya tangi au kwenye shingo ya kujazia. Sehemu hizo huguswa na mafuta pale tangi linapokuwa limejaa, hasa gari likipanda mlima au likikata kona. Mara nyingi ni mpira unaounganisha shingo ya kujazia na tangi, ambao huchanika upande wa juu usioonekana, au ni mipira midogo ya kupumulia, au gasketi ya kifuniko cha pampu.

Likinuka injini inapounguruma na muda mfupi baada ya kuzimwa, pa kutazama kwanza ni njia yenye shinikizo, yaani kuanzia pampu hadi kwenye injini. Likinuka baada ya kulala usiku kucha bila kuguswa, mafuta yanashuka yenyewe kutoka mahali palipo chini ya usawa wa mafuta ndani ya tangi, au kuna shinikizo lililobaki kwenye mabomba na linatoka polepole. Na kama harufu ni kali zaidi kwenye kiti cha nyuma kuliko mbele, hakuna sababu ya kuanza kwa kufungua boneti.

Katika magari mengi madogo ya Kijapani yaliyotengenezwa miaka ya 1990, ambayo hadi leo yanaonekana kwa wingi katika barabara za Dar es Salaam, kiti cha nyuma kikiinuliwa chini yake kuna kifuniko cha bati kinachofungwa kwa skrubu chache. Chini ya kifuniko hicho ndipo inapoingia pampu ya mafuta na geji. Gasketi iliyopo hapo hukauka na kupasuka kadiri miaka inavyokwenda, na pengine iliharibiwa na fundi aliyewahi kubadilisha pampu akarudishia gasketi ya zamani ili asimwongezee mteja gharama. Harufu yake huingia ndani moja kwa moja, wakati chini ya gari hakuna hata tone moja.

Swali la pili ni matumizi ya mafuta. Njia ya kuaminika ni kujaza tangi hadi bomba la kituoni lijikate lenyewe, kuandika kilomita, kutembea kwa siku kadhaa, kisha kujaza tena katika kituo kile kile na kugawanya kilomita kwa lita. Geji ya kwenye dashibodi haifai kwa kazi hii, kwani katika gari la umri huo mara nyingi haisemi ukweli.

Hata mvujo unaoonekana mdogo una gharama. Tone la petroli ni dogo kuliko la maji. Ikichukuliwa kwamba matone 40 ndiyo yanayofanya mililita moja, tone moja kila sekunde ni mililita 90 kwa saa, na zaidi ya lita mbili kwa siku nzima. Kwa mtu anayesubiri kwa wasiwasi bei kikomo ambazo EWURA huzitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, hizo ni lita anazozinunua na kuzimwaga ardhini.

Hata hivyo, kupanda kwa matumizi si lazima kuwe na maana ya kuvuja nje. Kuna mivujo isiyoonekana kabisa, kwa kuwa mafuta huvujia ndani ya injini, nayo ndiyo huwasumbua mafundi wengi.

Baada ya maswali hayo hufuata macho. Gari likiwa limepoa kabisa husogezwa hadi mahali pakavu na penye hewa, si ndani ya banda lililofungwa, na chini yake hutandikwa maboksi yaliyofunguliwa, kuanzia mbele hadi nyuma. Asubuhi maboksi hayo hueleza mengi. Maji safi upande wa abiria ni ya kiyoyozi na hayana ubaya wowote. Doa la kijani au jekundu lenye utelezi na harufu tamu ni maji ya rejeta yaliyochanganywa na dawa. Doa jeusi ni oili. Petroli yenyewe hukauka na kuacha duara hafifu lenye harufu, ilhali dizeli huacha doa la mafuta lisilokauka upesi.

Ni vyema kukumbuka kwamba mahali tone linapodondokea si lazima pawe ndipo linapotoka. Mafuta hufuata chesisi, hutiririka juu ya bomba au hukaa kwenye kinga ya bati, kisha hudondokea mbali. Mvujo wa juu ya tangi unaweza kuonekana chini ya tairi la nyuma.

Hapo tochi hushika kazi. Tochi ya betri, si taa ya balbu inayovutwa kwa waya wa umeme, ambayo ikianguka na balbu kupasuka, uzi wake wa moto huachwa wazi katikati ya mvuke. Waya hasi wa betri hutolewa kwanza. Gari likiinuliwa, huwekwa juu ya stendi imara. Jeki pekee imekwisha kuwaangukia mafundi wengi. Mtungi wa kuzimia moto, wa unga au wa gesi ya kaboni, huwekwa mahali unapoweza kufikiwa kwa mkono, maana maji yakimwagwa juu ya petroli inayowaka huieneza tu.

Kinachotafutwa si mafuta mabichi peke yake. Petroli inayovuja polepole hukauka kabla ya kudondoka na kuacha alama ya rangi ya chai, kama gundi iliyokauka. Mahali pengine alama ni usafi: sehemu moja ya bomba imeoshwa vumbi wakati jirani zake zimejaa tope la miaka. Fundi mzoefu akiona sehemu safi chini ya gari chafu, hasogei mpaka ajue ni kwa nini.

Mabomba ya chuma yanayotoka kwenye tangi hadi mbele hupita chini ya sakafu, yakishikwa na klipu. Chini ya klipu hizo mchanga na unyevu hujikusanya, na katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa chumvi ya hewa huongeza kasi ya kutu. Bomba linaweza kuwa zima urefu wote na limetoboka chini ya klipu moja. Kulifuatilia kwa macho pekee hakutoshi. Klipu hufunguliwa, na sehemu iliyofichwa hufutwa na kutazamwa.

Mipira nayo ina lugha yake. Mpira wa mafuta uliozeeka hupasuka mipasuko midogo kwenye kona, au huwa mgumu kama mti, au kinyume chake hulainika na kuvimba hadi kuteleza kwenye bomba. Ukikunjwa kidogo kwa vidole nyufa hujionyesha. Pia panya wa mjini hupenda joto la injini usiku, na meno yao yamewahi kuleta mivujo ambayo hakuna kitabu cha fundi kinachoitaja.

Hapa pana kosa ambalo limekuwa chanzo cha hasara kubwa. Mpira wa maji au wa hewa hukatwa na kuwekwa mahali pa mpira wa mafuta kwa sababu unaingia vizuri na bei yake ni ndogo. Kwa siku chache hufanya kazi. Kisha petroli huulainisha kutoka ndani, huvimba, na siku moja barabarani huachia. Vivyo hivyo kwa vipande vya tyubu ya tairi vinavyofungwa kuzunguka bomba linalovuja: petroli huila raba ya namna hiyo.

Mpira halisi wa mafuta huwa umeandikwa ubavuni. Ule wa viwango vya SAE wenye maandishi 30R7 ni wa magari ya kabureta na njia zisizo na shinikizo kubwa. Wenye 30R9 ndio uliotengenezwa kwa injini zinazopuliza mafuta kwa nozeli. Katika maduka ya vipuri ya Gerezani na Kariakoo aina zote hupatikana, pamoja na mipira isiyo na maandishi yoyote, na mnunuzi asiyegeuza mpira kusoma ubavuni mwake hana njia ya kujua alichopewa.

Sababu ya tofauti hiyo ni shinikizo, au presha kama mafundi waitavyo. Pampu ya injini ya kabureta husukuma mafuta kwa presha ya pauni 3 hadi 6 hivi. Injini ya nozeli, kama zile za Corolla na Carina za miaka ya 1990, hufanya kazi kwa pauni kati ya 35 na 45, ambayo ni zaidi ya upepo uliomo katika tairi la gari hilo. Ufa unaotoa jasho tu katika gari la kabureta unaweza kurusha mafuta kama dawa ya mbu katika gari la nozeli, moja kwa moja juu ya ekzosi yenye moto.

Ndiyo maana mvujo wa mbele katika gari la nozeli haufai kusubiri mwisho wa mwezi. Sehemu za kutazamwa ni maungio ya filta, ambayo mara nyingi iko karibu na ukuta unaotenganisha injini na abiria, mpira unaopeleka mafuta kwenye reli ya nozeli, na oringi zinazoziba kila nozeli. Oringi hizo ni vipande vidogo vya mpira ambavyo baada ya miaka huwa vigumu. Asubuhi, injini ikiwa baridi, huvuja. Injini ikipata moto zinatanuka na kuziba, na gari linapofika kwa fundi saa tano hakuna kinachoonekana. Mteja huambiwa harufu ni ya kufikirika. Dawa yake ni kuliacha gari lilale gereji na kulitazama alfajiri kabla halijawashwa.

Kuna ujanja mwingine ambao mafundi hutumia mvujo unapokuwa mdogo mno. Sehemu inayoshukiwa husafishwa na kukaushwa, kisha hupakwa unga mweupe wa kujipaka mwilini au hupigwa chaki. Presha ikipanda, mahali panapotoka mafuta hubadilika rangi kabla ya jicho kuona unyevu.

Kupandisha presha bila kuwasha injini kunahitaji kulijua gari. Katika magari mengi, kufungua ufunguo hatua ya mwisho kabla ya stata huiwasha pampu kwa sekunde mbili hivi. Lakini Toyota nyingi za miaka ya 1990 hazifanyi hivyo; pampu husubiri injini izungushwe. Fundi anayelijua hilo hutumia kisanduku kidogo cha uchunguzi kilichopo chini ya boneti, akaunganisha kwa waya matundu yaliyoandikwa +B na FP huku swichi ikiwa imezimwa, kisha akafungua ufunguo. Pampu hunguruma mfululizo, nozeli zikiwa zimefunga, naye anapata nafasi ya kutembeza tochi yake taratibu. Asiyelijua hupiga stata mara kumi katikati ya mvuke.

Sasa ile mivujo isiyoonekana. Katika injini za nozeli zenye bomba la kurudisha mafuta, ipo reguleta ambayo ndani yake mna kiwambo cha mpira. Upande mmoja wa kiwambo kuna petroli, upande wa pili kuna mpira mwembamba unaovutwa na hewa ya injini. Kiwambo kikichanika, injini huinyonya petroli kupitia mpira huo. Gari hutoa moshi mweusi, hunuka, hula mafuta bila kiasi, na chini halidondoshi kitu. Kipimo chake huchukua dakika moja: mpira mwembamba huchomolewa kwenye reguleta na kunuswa. Ukiwa na petroli ndani, kesi imekwisha, na hakukuwa na haja ya kununua pampu.

Kama mpira ni mkavu na bado gari husumbua kuwaka likiwa limelala, fundi hufunga geji ya presha kwenye njia ya mafuta, anawasha injini, anazima, kisha anatazama saa. Vitabu vya Toyota vya miaka hiyo hutaka angalau pauni 21 ziwe bado zimo baada ya dakika tano. Zikishuka upesi bila mafuta kuonekana nje, mpira wa kurudisha hubanwa taratibu. Presha ikisimama, reguleta ndiyo yenye kosa. Ukibanwa wa kupeleka na presha ikasimama, ni vali ya ndani ya pampu. Isiposimama kwa vyote viwili, nozeli mojawapo inadondosha ndani ya injini. Tahadhari moja tu: mpira uliokwisha kuwa mgumu ukibanwa hupasuka, na mtu aliyekuja na mvujo mmoja huondoka na miwili.

Magari ya kabureta, ambayo bado yapo kwa wapenzi wa Peugeot 504, Land Rover za zamani na Datsun, yana ugonjwa wake unaofanana na huo. Pampu yao huwa imefungwa ubavuni mwa injini na kusukumwa na injini yenyewe. Kiwambo chake kikichanika, mafuta hutoka ama nje kupitia kitundu kidogo kilicho chini ya pampu, ama hushuka ndani na kuchanganyika na oili.

Njia hii ya pili ni mbaya zaidi kwa injini. Dalili yake ni oili inayoongezeka badala ya kupungua. Mwenye gari akivuta kijiti cha kupimia na kukuta oili imepita alama ya juu, nyepesi kama maji na yenye harufu ya petroli, hapaswi kuiwasha injini tena hata kwa kwenda gereji ya jirani. Oili ya namna hiyo haiwezi kulinda vyuma, na mvuke uliomo ndani ya injini nao unaweza kuwaka. Pampu hubadilishwa, oili yote humwagwa na filta yake hubadilishwa.

Kabureta yenyewe hufurika pale sindano inayofunga mafuta inaposhindwa kukaa vizuri kwa sababu ya uchafu au uchakavu, au boya linapotoboka na kuzama. Mafuta huonekana juu ya kabureta na kushuka kwenye manifoldi. Kwa fundi aliyetulia hiyo ni kazi ya nusu saa. Volkswagen Beetle, ambayo injini yake iko nyuma, inastahili neno la ziada: mipira yake ya mafuta iliyovikwa kitambaa hupita juu ya injini yenye joto, karibu na distributa, na ufa uliofichwa chini ya kitambaa hauonekani mpaka mpira uvuliwe. Magari hayo mengi yameteketea kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa wenye dizeli, mfano Hiace na Land Cruiser, mambo ni tofauti kidogo. Dizeli huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 ndipo itoe mvuke wa kutosha kuwaka, kwa hiyo hatari ya moto ni ndogo. Tatizo lake kubwa ni hewa. Pampu huvuta mafuta kutoka kwenye tangi, na tundu dogo kwenye njia hiyo haliwezi kutoa mafuta nje wakati injini inafanya kazi. Badala yake huingiza hewa. Gari likilala, mafuta hurudi tangini na asubuhi dereva huzungusha stata hadi betri inachoka, au hupampu kwa mkono juu ya filta ndipo liwake. Fundi huweka kipande cha mpira unaopenya mwanga katikati ya njia na kutazama mapovu. Popote mapovu yanapoanzia, tundu liko nyuma yake.

Kwa dizeli za kisasa zaidi, zenye reli ya pamoja, onyo ni moja: mivujo yao haipapaswi kwa kidole. Presha yake huzidi pauni 15,000, na mafuta yanayotoka kwa nguvu hiyo hupenya ngozi na kuingia mwilini. Kidonda huonekana kidogo kama cha sindano, na mtu hulazwa hospitali kufanyiwa upasuaji.

Likibainika kuwa ni tangi, hapo ndipo uamuzi mgumu unapokuja. Wengi wanaijua sabuni ya mche inayosuguliwa kwenye tundu la tangi, na ni kweli huziba, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni. Lakini hiyo ni ya kumfikisha mtu nyumbani, si ya kwenda nayo Dodoma, na mvua ikinyesha sabuni hiyo huondoka.

Kuchomelea tangi ni jambo lingine kabisa. Tangi lililomwagwa mafuta yote linaonekana salama, kumbe ndilo hatari zaidi kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke uliochanganyika na hewa. Kulisuuza kwa maji mara moja hakutoi mvuke uliojificha kwenye kutu na mikunjo ya bati. Fundi wa kuchomelea anayelipokea tangi na kulisogeza karibu na moto bila kuuliza lilioshwaje, anaweka maisha yake na ya walio jirani katika mizani. Tangi lililooza kwa kutu, hata likizibwa tundu moja, litatoboka jingine baada ya muda mfupi. Tangi zima kutoka kwenye gari lililovunjwa mara nyingi huwa nafuu zaidi.

Kabla ya kufungua ungio lolote la gari la nozeli, presha hutolewa kwanza. Fyuzi au relei ya pampu huchomolewa, injini huwashwa na kuachwa izime yenyewe kwa kukosa mafuta, kisha ungio hufunguliwa taratibu likiwa limefunikwa kwa kitambaa. Anayeruka hatua hii hurushiwa petroli usoni.

Iwapo moto umekwisha kuwaka chini ya boneti barabarani, injini huzimwa, abiria hushuka wote na kusogea mbali, na boneti haifunguliwi wazi, kwani hewa inayoingia hulisha moto. Ikifunguliwa kidogo tu kwa komeo la ndani, mtungi huweza kuelekezwa kwenye upenyo. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Matengenezo yakikamilika, kazi ya kuhakiki huwa bado. Pampu huwashwa na injini ikiwa imezimwa, na ungio lililoguswa hufutwa kwa kitambaa kikavu na kutazamwa. Injini huwashwa na kuachwa ipate moto, huzimwa, na ungio hutazamwa tena. Kisha tangi hujazwa, kwa sababu mvujo wa juu hauwezi kujionyesha kwenye tangi la robo. Usiku huo maboksi hutandikwa tena chini ya gari, na asubuhi, kabla ya ufunguo kuguswa, mtu ambaye hakulala karibu na gari hilo huombwa aje anuse.